Programu za ofisi zinabadilika kila mara: daftari la chama chako liko mikononi mwa nani?

Msimu wa kahawa unapokaribia, vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Karagwe na Kyerwa huwa na kazi tatu za haraka: kusafisha maghala, kuhakiki mizani na kuweka sawa orodha ya wakulima. Kazi mbili za kwanza hazijabadilika sana tangu enzi za wazee wetu. Ya tatu imebadilika mno. Orodha iliyokuwa kwenye leja ya jalada gumu, ikafungiwa kabatini na ufunguo ukakaa kwa katibu, siku hizi huandikwa pia kwenye kompyuta au simujanja, na nakala yake hukaa mahali ambapo hakuna mjumbe wa bodi aliyewahi kupaona.

Mahali hapo wataalamu wanapaita wingu. Jina hili huwachanganya watu, kwa sababu hakuna kinachoelea angani. Wingu ni kompyuta kubwa za kampuni kama Google na Microsoft, zilizopangwa kwenye majengo yenye ulinzi na umeme wa uhakika, mbali na hapa. Ukiandika barua kwenye Google Docs, au ukajaza jedwali la Excel lililounganishwa na OneDrive, maandishi yako husafiri kwa intaneti hadi kwenye kompyuta hizo. Ndiyo maana wewe ukiwa Kayanga na mwenzako akiwa Nkwenda mnaweza kufungua faili lile lile na kulijaza kwa pamoja.

Urahisi huo ni wa kweli na hatuupingi. Lakini programu za aina hii zina tabia ambayo leja haina: hubadilika zenyewe. Unafungua asubuhi unakuta kitufe kipya, unakuta faili limehifadhiwa mahali pengine, unakuta nafasi ya bure imepungua. Chama cha ushirika hakiwezi kubadilisha masharti yake bila Mkutano Mkuu. Kampuni ya programu hubadilisha masharti yake kwa tangazo, na wengi wetu hatulisomi. Kwa hiyo tumeona tueleze ni mabadiliko gani yamefanyika miaka hii ya karibuni, na kwa nini yanamhusu mkulima wa Kaisho au mwalimu wa Nyaishozi asiyewahi kununua programu yoyote.

Mabadiliko manne yanayotugusa

La kwanza ni nafasi ya bure. Akaunti ya kawaida ya Google hupewa gigabaiti 15, zinazogawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Hadi katikati ya mwaka 2021, nyaraka zilizoandikwa kwa Google Docs na majedwali ya Google Sheets hayakuhesabiwa katika nafasi hiyo. Tangu Juni 1, 2021 kila jipya linahesabiwa, na picha pia. Microsoft hutoa gigabaiti 5 tu bure kwenye OneDrive. Karani anayepiga picha kila stakabadhi ya mizani na kuziacha zijihifadhi kwenye akaunti hiyo hiyo anaweza kujaza nafasi yote katikati ya msimu. Ikijaa, hata barua pepe haziingii.

La pili ni akaunti zilizolala. Mwezi Mei 2023 Google ilitangaza kuwa akaunti binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na vyote vilivyomo, na utekelezaji ukaanza Desemba mwaka huo. Hapa kwetu kuna vikundi vingi vilivyofungua barua pepe siku ya kujaza fomu ya usajili au ya kuomba mkopo wa halmashauri, kisha havikuigusa tena. Barua pepe hiyo ikiwa ndiyo iliyobeba katiba ya kikundi na orodha ya wanachama, kimya cha miaka miwili kinaweza kuondoka navyo.

La tatu ni programu za zamani kuachwa. Oktoba 14, 2025 Microsoft iliacha kuzihudumia Windows 10, Office 2016 na Office 2019. Kompyuta zenye programu hizo bado zinawaka na barua bado zinaandikika, ila mianya inayogunduliwa na wezi wa mtandao haizibwi tena kama zamani. Ofisi nyingi za vijiji, shule na steshenari zina kompyuta za umri huo, na nyingine zina nakala zisizo na leseni. Ujumbe wa kampuni ni mmoja: hamia kwenye toleo la kulipia kwa mwezi au kwa mwaka, linaloishi kwenye wingu.

La nne ndilo tunaloona litawashangaza wengi. Agosti 2025 Microsoft ilitangaza kuwa Word ya Windows, kwa kuanzia na watumiaji wanaojaribu matoleo mapya, itahifadhi kila faili jipya moja kwa moja kwenye wingu badala ya kwenye kompyuta. Mtumiaji anaweza kuurudisha mpangilio wa zamani, lakini ni lazima ajue pa kubofya.

Fikiria jambo hili katika steshenari ya Omurushaka siku ya gulio. Mteja anakuja kuchapiwa barua ya mirathi, mkataba wa kuuza shamba au malalamiko kwa mkuu wa wilaya. Kompyuta imefunguliwa kwa akaunti ya mwenye duka. Zamani barua ile ingebaki kwenye kompyuta moja, nalo halikuwa jambo jema sana. Kwa mpangilio mpya inakwenda kwenye wingu la mwenye duka, inaonekana kwenye simu yake na kwenye kompyuta yake ya nyumbani, na inabaki huko hata kompyuta ya dukani ikiuzwa. Mwenye duka hana nia mbaya, na huenda hajui. Lakini siri ya familia imehama bila mtu yeyote kuamua.

Akaunti ya karani au akaunti ya chama?

Tukienda kwenye vyama vya wakulima, swali la kwanza tunalowaomba wajumbe wa bodi wajiulize halihusu kompyuta. Ni swali la umiliki: akaunti yenye orodha ya wakulima imefunguliwa kwa jina la nani, na kwa namba ya simu ya nani?

Mara nyingi jibu ni kwamba kijana mmoja mwenye ujuzi ndiye aliyeifungua kwa barua pepe yake mwenyewe. Hakuwa na hila. Kulikuwa na haraka, mizani inasubiri, na yeye ndiye aliyekuwa na simujanja. Lakini kwa kanuni za kampuni, mwenye faili ni mwenye akaunti. Kijana huyo akipata kazi Bukoba au Mwanza, akigombana na mwenyekiti, akifariki au akipoteza laini yake, chama hakina mlango wa kuingilia. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine kabisa. Ikiwa namba hiyo ndiyo ya kurejesha neno la siri, ujumbe wa kurejesha utaingia kwa mgeni.

Watu wa Kagera wanaijua butura. Mkulima mwenye shida huchukua fedha kwa mlanguzi kahawa ikiwa bado maua, na msimu ukifika anachuma kahawa ambayo si yake tena. Serikali na vyama vya ushirika vimepiga vita butura kwa miaka mingi kwa sababu mkulima hufurahia fedha ya leo bila kuona bei ya kesho. Chama kinachoweka kumbukumbu zake kwenye akaunti ya mtu mmoja, kwa kuwa ni bure na ni haraka, kimeingia katika mpango unaofanana na huo. Urahisi kimeupata sasa. Bei yake kitaijua siku mkaguzi wa COASCO atakapoomba hesabu za misimu mitatu iliyopita.

Dawa haihitaji fedha. Akaunti ifunguliwe kwa jina la chama. Namba ya kurejesha iwe ya laini iliyosajiliwa kwa ajili ya chama na kukaa ofisini. Neno la siri liandikwe, litiwe kwenye bahasha na kufungwa kwa lakiri mbele ya bodi, kisha lihifadhiwe pamoja na hati za chama. Bodi ikibadilika, neno la siri libadilishwe siku ya makabidhiano, kama zinavyokabidhiwa funguo za ghala na mhuri.

Nani alibadilisha zile kilo?

Katika vipengele vyote vilivyoongezwa kwenye programu hizi, kuna kimoja ambacho mkulima angekipenda zaidi kuliko vyote kama angekijua. Kinaitwa historia ya mabadiliko. Kwenye jedwali la Google Sheets mwenye ruhusa ya kuhariri anaweza kubofya kisanduku kimoja na kuona kilikuwa na tarakimu gani kabla, nani aliibadilisha na lini. Microsoft nayo hutunza matoleo ya nyuma ya faili lililo kwenye OneDrive.

Maana yake ni hii. Mkulima amepeleka kilo 412 za kahawa ya maganda. Kwenye orodha ya malipo zimesomeka kilo 312. Kwenye leja, tarakimu ikifutwa kwa wembe au ukurasa ukichanwa, ubishi huwa ni maneno kwa maneno. Kwenye jedwali lenye historia, bodi inaweza kuona kwamba kisanduku kile kilisomeka 412 tarehe fulani, kisha kikabadilishwa siku nyingine saa fulani na akaunti fulani. Huenda ni kosa la kidole, huenda ni hila. Vyovyote iwavyo kuna pa kuanzia.

Hata hivyo, kipengele hiki kinakufa kabisa pale watu watano wanapotumia akaunti moja na neno la siri moja. Historia huandika jina la akaunti. Haimjui mtu aliyekaa mbele ya kompyuta. Kama mwenyekiti, meneja, karani, mtunza ghala na kijana wa kujitolea wote wanaingia kwa akaunti ile ile, kila badiliko litasomeka kwa jina moja, na ushahidi haupo. Njia sahihi ni akaunti ya chama kuwa mmiliki wa faili, kisha kila mhusika aalikwe kwa akaunti yake mwenyewe na kwa ruhusa inayolingana na kazi yake. Karani wa mizani ahariri. Mjumbe wa kamati ya usimamizi aangalie tu. Anayetaka kuuliza aandike maoni pembeni bila kugusa tarakimu.

Ruhusa hizi tatu, za kuhariri, kutoa maoni na kuangalia, zimekuwepo kwa miaka mingi. Kwa chama cha msingi zina thamani kuliko kipengele chochote kinachotangazwa leo kwa mbwembwe.

Linki ya kundi la WhatsApp

Kuna ruhusa ya nne, nayo ndiyo inayoleta hatari. Ni ile ya kumruhusu yeyote mwenye linki. Karani akitaka kuwarahisishia viongozi, anaiwasha, ananakili linki na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp. Kuanzia hapo faili haliulizi jina la mtu. Mjumbe mmoja akiituma kwa shemeji yake, na shemeji akaituma kwingine, orodha yenye majina, namba za simu, namba za NIDA, akaunti za benki na kilo za kila mkulima inasomwa na watu wasiojulikana. Na kama linki ile ni ya kuhariri, inaweza pia kubadilishwa nao.

Kwa mlanguzi wa kahawa, orodha ya namna hiyo ni mali. Inamwambia nani ana kahawa nyingi, nani alivuna kidogo mwaka jana na huenda ana shida, na ampigie kwa namba gani. Kwa tapeli wa miamala ya simu ni mali zaidi, kwa kuwa anaweza kumtajia mkulima kilo zake kamili na kujifanya anapiga kutoka chamani.

Orodha hizi nazo zinazidi kunona. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 kanuni inayotaka kahawa inayoingia kwenye soko lake ithibitishwe kuwa haikutoka katika ardhi iliyokatwa misitu baada ya Desemba 31, 2020, na mahali lilipo shamba paonyeshwe kwa vipimo vya ramani. Kuanza kutumika kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, lakini kazi ya kukusanya vipimo haijasubiri. Kwa chama kinachouza kahawa nje, kama kile kikuu cha KDCU kinachohudumia Karagwe na Kyerwa, maana yake ni kwamba jina la mkulima litaambatana na mahali shamba lake lilipo. Daftari la zamani lilijua kilo zake. La sasa litajua na mipaka yake.

Sheria imeshafika

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 1, 2023. Ipo pia Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayosimamia utekelezaji wake. Sheria inamtaka anayekusanya taarifa za watu awe na sababu halali, awaeleze wahusika, azitumie kwa lengo lile lile alilozikusanyia na azilinde zisivuje. Inawataka wakusanyaji na wachakataji wa taarifa wajisajili kwenye Tume. Na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, jambo linalogusa moja kwa moja mafaili yanayokaa kwenye seva za kampuni za kigeni.

Wapo watakaosema sheria hiyo ni ya benki na kampuni za simu za Dar es Salaam. Si hivyo. Orodha ya wakulima 600 yenye namba za NIDA ni taarifa binafsi hata kama imeandikwa na karani mmoja kwenye kompyuta moja Isingiro. Vivyo hivyo matokeo ya wanafunzi yaliyobandikwa kwenye jedwali, na vitabu vya mikopo ya VICOBA.

Taasisi za umma zina njia yao. Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 na miongozo ya Mamlaka ya Serikali Mtandao vinazitaka zitumie mifumo na barua pepe rasmi za serikali. Mtumishi wa halmashauri anayeendesha shughuli za ofisi kwa barua pepe yake binafsi anafahamu kuwa anakwenda kinyume. Vyama vya ushirika navyo vina MUVU, mfumo wa usimamizi ulioletwa na Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ambako taarifa zao za kiutendaji zinapaswa kuingizwa. Lakini kabla tarakimu haijafika MUVU hupita kwanza kwenye jedwali la karani, na ni hapo kwenye jedwali ambapo ulinzi ni dhaifu.

Mtandao ukikatika

Programu zinazoishi kwenye wingu zimebuniwa na watu ambao intaneti kwao ni kama maji ya bomba yasiyokatika. Hapa kwetu hali ni nyingine. Mkoa wa Kagera umetegemea kwa miaka mingi umeme unaotoka Uganda, na kukatika kwake tunakujua. Mnara wa simu ukikosa umeme, kijiji kizima kinakuwa nje ya mtandao. Na hata minara ikiwa hai, Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchini na ikarejea baada ya siku kadhaa. Aliyekuwa na kumbukumbu zake zote mtandaoni siku hizo hakuwa nazo.

Google Docs na Sheets zinaweza kufanya kazi bila intaneti, lakini sharti hilo liandaliwe mapema. Kwenye simu unachagua faili na kuruhusu lipatikane nje ya mtandao. Kwenye kompyuta unawasha mpangilio huo ukiwa bado una intaneti. Siku mtandao umeshakatika umechelewa. Tena ukifanya kazi nje ya mtandao na mwenzako akafanya hivyo hivyo kwenye kisanduku kile kile, mtandao ukirudi tarakimu ya mmoja wenu inaweza kumeza ya mwingine. Kwa hiyo kila mmoja apewe safu zake au karatasi yake ndani ya jedwali.

Wenzetu wa mpakani wana jambo la ziada. Ukiwa Murongo, ng'ambo ya mto Kagera ni Kikagati, Uganda. Ukiteremka magharibi mwa Kyerwa, ng'ambo ni Rwanda. Simu hunasa mtandao wa jirani na bando lako la Tanzania haliko tena kazini. Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo simu inayojirekebisha saa yenyewe inaweza kukuonyesha kikao cha saa nne asubuhi kuwa ni cha saa tatu. Anayetuma mwaliko wa kikao kwa kalenda ya mtandaoni aandike pia kwa maneno: saa nne, saa za Tanzania.

Tusisahau pia kwamba wingu si njia pekee. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ya bure, iliyofanya kazi kwenye kompyuta bila intaneti. Mrithi wa ukoo huo, LibreOffice, yupo hadi leo, ni bure kihalali na hufungua mafaili ya Word na Excel. Kwa ofisi yenye kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha, LibreOffice pamoja na flashi mbili zinazobadilishana zamu inaweza kuwa salama kuliko akaunti ya wingu isiyo na mwenyewe.

Akili mnemba imeingia kwenye barua

Habari kubwa zaidi ya programu hizi kwa sasa ni akili mnemba, ile ambayo wengi huiita AI. Januari 2025 Google iliiingiza Gemini kwenye vifurushi vyake vya biashara na kupandisha bei. Mwezi huo huo Microsoft iliiweka Copilot kwenye vifurushi vya mtu binafsi na familia katika nchi nyingi, nako bei ikapanda. Vifaa hivi huandika barua, hufupisha ripoti ndefu na hutengeneza fomula za jedwali kwa kuombwa tu.

Katibu anayehangaika na muhtasari wa kikao cha saa tano anaweza kusaidika kweli. Lakini kuna mipaka miwili. Kwanza, vifaa hivi hukosea kwa kujiamini. Vinaweza kuandika jumla isiyo sahihi au azimio ambalo halikupitishwa, kwa lugha safi isiyotia shaka. Muhtasari ulioandikwa namna hiyo usomwe na aliyekuwepo kikaoni kabla ya kutiwa saini.

Pili, angalia unaloliweka ndani. Google na Microsoft zinasema mafaili ya wateja wa vifurushi vya biashara hayatumiki kufundishia akili mnemba zao za jumla bila ruhusa. Kwa akaunti binafsi za bure masharti ni mengine, na Google inaeleza wazi kuwa baadhi ya mazungumzo na Gemini yanaweza kusomwa na wakaguzi ambao ni binadamu. Orodha ya wakulima isibandikwe humo hata kwa dakika moja.

Bei ya kuwa na akaunti ya kweli

Kifurushi cha chini cha biashara cha Google kilipanda mwaka 2025 hadi dola 7 kwa mtumiaji kwa mwezi, kwa anayejifunga mwaka mzima. Chama chenye watumiaji watano kitalipa dola 35 kwa mwezi, yaani 420 kwa mwaka. Tukihesabu dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi 1,050,000. Kwa chama kidogo hiyo ni fedha ya kutolewa hesabu mbele ya wanachama. Faida yake ni kwamba mwenye mafaili anakuwa chama: karani akiondoka, msimamizi anamfungia na mafaili yanabaki. Shule zinazotimiza vigezo zinaweza kupata kifurushi cha elimu cha Google bila malipo, na walimu wakuu wanafaa kukiulizia.

Chama kisichoweza kulipa kinaweza kubaki na akaunti ya bure na kuwa salama kiasi, kikifuata nidhamu. Tumezikusanya hatua za kuchukua kabla mizani haijafunguliwa.

Tajeni akaunti zote zenye kumbukumbu za chama na mwenye kila akaunti. Hamishieni umiliki wa mafaili kwenye akaunti ya chama. Zimeni ruhusa ya yeyote mwenye linki, kisha mualike watu kwa majina. Kila mtu atumie akaunti yake. Wekeni uthibitisho wa hatua mbili, ili neno la siri peke yake lisitoshe kufungua. Ingieni kwenye akaunti angalau mara moja kila mwezi hata nje ya msimu. Kila mwisho wa wiki ya msimu pakueni nakala ya jedwali, moja iwekwe kwenye flashi na nyingine ichapwe, isainiwe na kubandikwa kwenye leja. Karatasi haikatiki mtandao.

Kwa mkulima mmoja mmoja ushauri ni mfupi. Tunza stakabadhi yako ya mizani. Kwenye Mkutano Mkuu, agenda ya mengineyo ikifika, simama uulize: orodha yetu inakaa kwenye akaunti ya nani, nani ana ruhusa ya kubadilisha kilo zangu, na katibu akiondoka kesho tutaifunguaje? Bodi yenye majibu itajibu kwa dakika mbili. Bodi isiyo na majibu, iombwe ipewe tarehe ya kuyaleta, na tarehe hiyo iandikwe kwenye muhtasari.